Sensei, achana na vitambi vya watu

Nimekuwa kimya kwa kuwa nilikuwa kwenye mizunguko yangu ya Nachingwea na Ruangwa. Nimerudi na hasira kidogo, na hasira yenyewe ni juu ya karate. Ndiyo, karate. Mnaotaka kucheka chekeni kwanza, nawasubiri.

Mmemaliza? Twende.

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja, jina lake namwachia mwenyewe, alifungua shule ya karate Nachingwea mjini. Akakodi ukumbi, akabandika picha ya Bruce Lee mlangoni, akatangaza ada: elfu kumi kwa mwezi. Ilikuwa Novemba. Tukajaa! Watoto wa shule, vijana wa bodaboda, na mimi na kitambi changu cha uandishi. Tulikuwa arobaini na kitu. Ilipofika Machi tulikuwa tisa. Mei mwenye ukumbi akabadilisha kufuli.

Mjini kila mtu akawa na sababu yake. Wengine wakasema watu wa Kusini hawapendi mazoezi. Uongo mtupu. Nenda Ruangwa siku Namungo inacheza uone watu wanavyojua michezo. Timu ile ilipanda ligi kuu mwaka 2019 na mwaka 2021 ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wengine wakasema karate imepitwa, siku hizi watu wanataka jimu. Huyu wa pili ndiye aliyemharibu sensei wetu, maana alimwamini.

Hebu tuulizane: kwa nini tulijaa Novemba? Aliyekulia huku hahitaji kuambiwa. Minada ya korosho inaanza Oktoba. Chama kikuu chetu, RUNALI (Ruangwa, Nachingwea, Liwale, kwa asiyejua), kinauza, malipo yanaingia, baiskeli mpya zinaonekana, harusi zinafungwa, na mzee anayedaiwa na duka anatembea kifua mbele. Februari hela imekwisha. Kati ya hapo na ufuta wa Juni ni kujibana tu. Sasa wewe unamfuata mkulima Machi unamwambia mtoto wako hajalipa ada ya mwezi. Atoe wapi? Ama amwondoe mtoto, ama auze korosho zilizo bado juu ya mti kwa kangomba, kwa bei ya kutupa. Elfu kumi yako, sensei, inaweza kumgharimu mzazi magunia.

Ada ya mwezi ni ya mtu anayelipwa kwa mwezi. Hapa kwetu hao ni walimu, wauguzi, watu wa halmashauri na wachache wa makampuni. Wanahesabika. Na hao hao wachache kila mtu anawagombania: mwenye jimu, kijana aliyejaza saruji kwenye makopo ya rangi akapata vyuma vya kunyanyua, vikundi vya kukimbia asubuhi, na wale wa mazoezi ya muziki. Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alipotangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, waliovaa fulana za kufanana kwetu walikuwa hao hao. Soko limejaa, ni kweli, lakini limejaa kwenye benchi moja. Watoto wa wakulima, ambao ndio wengi, hakuna anayewauliza.

Sensei wetu alifanya nini wanafunzi walipopungua? Alikimbilia kwenye benchi lile lile lililojaa. Akaleta spika kubwa. Akaandika bango: PUNGUZA KITAMBI SIKU 30. Tukawa tunaruka muziki nusu saa, ngumi dakika kumi. Mimi nilipungua kweli, kilo mbili, zikarudi na pilau la Idi. Lakini mwenye vyuma ana faida moja ambayo sensei hana: chuma hakili. Mteja akipotea miezi mitano, chuma kinamsubiri pale pale, hakidai kodi ya nyumba wala hakina watoto. Dojo haliuzi chuma, linauza mtu. Mtu huyo akikosa ugali Machi, Aprili unamkuta Dar anaendesha bajaji.

Spika ilipomshinda akaja na la pili, na hili ndilo lililoniuma. Mikanda. Mtihani wa mkanda ukawa kila mwezi, kila mkanda na bei yake. Binti mmoja wa darasa la sita, kuliko sisi wote kwa bidii, alibaki na mkanda mweupe kwa sababu mama yake anauza vitumbua. Pembeni yake mtoto wa bosi, asiyejua kata moja hadi mwisho (kata ya karate, si ya diwani), amefunga kijani. Yule binti hakulia. Aliacha kuja tu. Mkanda mweusi alianza kuwapa watu Jigoro Kano wa judo, Japani, miaka ya 1880, na Gichin Funakoshi akauchukua kwenye karate mwaka 1924. Ulikuwa alama ya kwamba mwalimu amekutazama kwa muda mrefu. Stakabadhi ya malipo tunayo ya EFD, inatosha.

Nikikumbuka karate ilivyoota mizizi Dar naona ni dhambi zaidi. Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alikuja miaka ya 1970 akafundisha Goju Ryu pale Zanaki. Ukumbi wa shule, jasho na mwalimu. Wanafunzi wake wakawa walimu, na wao wakafundisha wengine. Hakuna aliyeahidiwa tumbo bapa.

Nachingwea nayo si mji wa kufundishwa nidhamu na bango. FRELIMO walifanya hapa mazoezi ya vita kwa miaka hadi Msumbiji ikapata uhuru 1975. Kabla yao Waingereza walileta mpango wa karanga mwaka 1947, hesabu zimepigwa mbali, matrekta kibao, reli mpaka bandarini Mtwara. Mwaka 1951 wakafunga virago. Hawakuiuliza ardhi. Sensei naye alileta hesabu ya Sinza bila kuuliza mvua ya Nachingwea inanyesha lini.

Naambiwa kuna kijana anataka kufungua tena, safari hii Ruangwa. Ndugu yangu, sikujui ila nisikilize. Jisajili kwanza, umwone afisa michezo wa wilaya, ili wazazi wajue unapatikana wapi. Ada idai mara mbili kwa mwaka: baada ya mnada wa ufuta, na baada ya mnada wa korosho. Ipige kwa mwaka, uigawe vipande viwili. Katikati ya mwaka pokea mahindi, pokea kuku, hivyo havisubiri mnada. Ukumbi usikodi, omba uwanja wa shule ya msingi jioni, mwalimu mkuu akikuona na watoto thelathini wanaomwamkia shikamoo kwa adabu hatakufukuza.

Utaniambia wakulima hawalipi. Wapo wasiolipa, hata kwenye jimu wapo. Utaniambia na bei ya korosho inayumba, na hapo sibishi: mwaka 2018 wanunuzi waligoma, serikali ikanunua kwa shilingi 3,300 kilo, na wapo waliongoja hela yao mpaka mwaka uliofuata. Mwaka kama huo utakula mihogo pamoja na wazazi wa wanafunzi wako. Lakini utakula nao, hutakuwa mgeni anayedai. Na msimu ukitengemaa watakulipa kabla ya mwenye duka, nimewaona wakifanya hivyo kwa fundi cherehani.

Halafu mtafute yule binti. Sasa yuko sekondari. Mama yake bado anauza vitumbua, na mkanda ule mweupe anao, ameufungia madaftari.