Kwaya isinyamazishwe muhula wa tatu

Kila mwaka, Tamasha la Muziki la Kenya linapofikia tamati mwezi wa Agosti, jambo moja hutokea katika shule zetu nyingi bila ya kutangazwa. Ngoma hurudishwa stoo, mavazi ya kwaya hukunjwa, na mlango wa chumba cha muziki hutiwa kufuli. Muhula wa tatu umewadia, na muhula huo, kwa maoni ya wakuu wengi wa shule, ni wa vitabu tu. Mwaka wa 2016, kufuatia udanganyifu mkubwa katika mitihani ya mwaka uliotangulia, Wizara ya Elimu ilipiga marufuku hata siku za maombi na za wazazi kuwatembelea wanafunzi katika muhula wa tatu. Sababu yake ilieleweka. Lakini mimi sijasikia mtihani ulioibwa na kwaya.

Nasema hivi kwa kuwa tunaufukuza muziki wakati ule ule unapohitajika zaidi. KCPE, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka wa 1985, ilifikia kikomo mwaka wa 2023, na wapo waliodhani kwamba hofu ya mtihani ingezikwa pamoja nayo. Haikuzikwa. KCSE ingalipo, na mwaka wa 2025 wanafunzi wa gredi ya tisa walikuwa wa kwanza kuufanya mtihani wa KJSEA. Jina la mtihani hubadilika, ila tumbo la mtahiniwa husokotwa vile vile.

Kila mwalimu anamjua mwanafunzi huyu. Jana usiku alikokotoa hesabu zake barabara. Leo ameketi kwenye dawati, viganja vimelowa jasho, na karatasi iliyo mbele yake ni kama imeandikwa kwa lugha asiyoifahamu. Akirudi nyumbani na kusema kuwa alisahau kila kitu, mzazi humwita mzembe. Hakika si uzembe. Akili ya binadamu huweza kushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, na hofu nayo hudai nafasi humo. Mtoto anayejiuliza, "Nikianguka, baba atasema nini?" amekwisha kuitumia sehemu ya nguvu ambayo angeitumia kutafuta jibu. Wakati huo moyo unadunda mbio na pumzi zimekuwa fupi, mambo ambayo humthibitishia kwamba kweli yumo hatarini.

Hapo ndipo wimbo unapoingia. Mwimbaji hulazimika kuvuta pumzi kwa haraka na kuitoa polepole hadi mwisho wa mshororo; na pumzi inayotoka polepole huupunguzia moyo kasi. Mwambie mtoto mwenye hofu atulie, naye hatatulia. Mwimbishe wimbo wa mishororo mirefu pamoja na wenzake, na mwili wake utaanza kutulia pasipo yeye kuagizwa. Isitoshe, anayeimba na wenzake huisahau nafsi yake kwa muda, na hofu ya mtihani huikalia zaidi nafsi iliyo peke yake.

Tiba kwa muziki si jambo la kubahatisha. Nchini Marekani ilianza kufundishwa kama taaluma katika vyuo vikuu miaka ya 1940, kufuatia manufaa yaliyoonekana hospitalini kwa askari waliojeruhiwa vitani. Mwaka wa 2013, watafiti wa Cochrane walipima tafiti 26 kuhusu wagonjwa waliokuwa wakisubiri kupasuliwa, wakahitimisha kuwa kusikiliza muziki huweza kupunguza wasiwasi wao. Mtahiniwa hasubiri kisu, lakini anayewaona watoto wetu nje ya chumba cha mtihani asubuhi ya karatasi ya Hisabati hataona tofauti kubwa. Na kwetu sisi, kilumi cha Wakamba na ngoma za pepo za pwani zilikuwa tiba kabla ya chuo chochote kufunguliwa.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Muziki haumwongezei mtu akili. Uvumi huo ulitokana na jaribio la mwaka wa 1993 katika Chuo Kikuu cha California mjini Irvine, ambako wanafunzi wa chuo, si watoto, walisikiliza Mozart kwa dakika kumi na kufanya vyema kidogo zaidi katika maswali ya maumbo. Faida hiyo ilitoweka baada ya takriban robo saa. Nawe mwanafunzi unayesoma huku redio inaimba, fahamu kuwa maneno ya wimbo hugombana kichwani na maneno ya kitabu. Imba kwanza, kisha usome kimya. Ama yule ambaye halali wala hali kwa hofu, huyo apelekwe kwa mwalimu mshauri. Kwaya pekee haitamfaa.

Kwa walimu wanaohofia kupoteza wakati, nina pendekezo lisilogharimu hata kipindi kimoja. Ushairi hutahiniwa katika karatasi ya Fasihi ya KCSE. Mashairi yetu ya arudhi yalitungwa ili yaimbwe. Mizani na vina vyake ni mahadhi tayari. Mwalimu wa Kiswahili anayewaimbisha watahiniwa shairi badala ya kuwasomea kama tangazo la mkutano atakuwa amefundisha somo lake na kuwapumzisha kwa pamoja.

Kuhusu siku ya mtihani yenyewe, dakika kumi zatosha, baada ya gwaride la asubuhi na kabla ya ukaguzi mlangoni. Wimbo wauchague watahiniwa wenyewe, uwe wanaoujua tayari, na asiyependa kuimba aachwe asikilize. Wala asiwepo wa kuwapa alama.