Data Nayo Ipige Hodi

Najua nimekuwa kimya. Nilikuwa njiani, Migori, Rongo, Homa Bay, Mbita, halafu nyuma tena, na nimerudi na dukuduku ambalo nisipolitoa litanikaba koo. Kwa hiyo leo msitegemee somo la hatua kwa hatua. Leo nagombana. Nagombana na watengeneza programu wenzangu, na kwa sehemu kubwa nagombana na mimi mwenyewe wa miaka michache iliyopita.

Ugomvi wenyewe unahusu milango.

Wengi wenu mmewahi kusikia Apache NiFi. Kwa ambao hawajasikia: ni programu ya kusafirishia data. Ilizaliwa ndani ya NSA, shirika la ujasusi la Marekani, kisha mwaka 2014 ikatolewa bure kwa umma kupitia Apache. Badala ya kuandika msimbo mrefu, unachora. Unaweka visanduku kwenye ubao, kila kisanduku na kazi yake moja (hiki kinasoma hifadhidata, hiki kinageuza tarehe, hiki kinatuma), unaviunganisha kwa mishale, na kila mshale una foleni yake. Visanduku vikiwa vingi unavifunga pamoja ndani ya kundi. Kundi linaweza kukaa ndani ya kundi jingine, nalo ndani ya jingine, kama sufuria za dukani zinavyopangwa.

Sasa sheria inayowaudhi watu ni hii. Mshale hauvuki ukuta wa kundi. Kisanduku cha ndani hakiwezi kunyoosha mkono kikamshika mwenzake aliye nje. Data ikitaka kutoka, kundi liwe na mlango wa kutokea. Ikitaka kuingia, mlango wa kuingilia. Na kama umejichimbia makundi matatu kwenda chini, basi ni milango mitatu, mmoja kwa kila ukuta. Hakuna njia ya panya.

Nimewasikia wenzangu wakiilaani sheria hii. Urasimu, wanasema. Kazi ya mishale miwili umefanyishwa ya minane. Eti tena inapunguza kasi... La hasha! Data ikipita mlangoni ndani ya NiFi moja, yaliyomo hayanakiliwi. Yamelala palepale kwenye diski. Kinachosogea ni kijikaratasi tu cha kusema yaliyomo yako wapi, pamoja na lebo zilizobandikwa juu yake. Hizo lebo zishikeni, nitazirudia.

Nitawaeleza kwa nini jambo hili linanichoma, na ili mnielewe lazima twende ziwani kwanza.

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi vya UKIMWI, na Migori asilimia 13.0, wakati wastani wa Kenya nzima ulikuwa 4.9. Kaunti hizi mbili zinapakana, na zote mbili zinakunywa maji ya Ziwa Victoria. Mvuvi hajui mpaka wa kaunti. Samaki wakihama naye anahama: leo yuko Muhuru Bay au Sori upande wa Nyatike, mwezi ujao yuko Mbita, au kisiwani Remba. Dawa zake ni za kila siku, lakini faili lake liko alikoanzia.

Vituo vingi vinatunza mafaili hayo kwa KenyaEMR, ambayo imejengwa juu ya OpenMRS (programu ambayo mizizi yake mmojawapo uko hapa kwetu Eldoret, tusisahau). Data inakaa kwenye seva ya kituo chenyewe. Mgonjwa anapewa namba ya kliniki yenye tarakimu 10: 5 za kwanza ni namba ya kituo, 5 zinazofuata ni zake. Akihama rasmi, kwa barua, anaendelea na namba yake. Akihama kimyakimya, kama wafanyavyo wengi kwa sababu mtumbwi hausubiri barua, anaandikishwa upya na kupata namba nyingine. Mtu mmoja anakuwa wawili. Na usitegemee hesabu za mwezi zinazopelekwa kwenye DHIS2, ambayo Kenya imeitumia nchi nzima tangu 2011, zikufichulie kosa. Zile ni jumla. Jumla haina sura ya mtu.

Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo kwa maneno: mtu akihama kutoka vituo fulani vya Nyatike kwenda vituo fulani vya Suba, taarifa ya kuhama imfuate. Basi.

Mara ya kwanza nilijenga kila kitu kwenye NiFi moja, mashine moja. Kundi la Migori, ndani yake kundi la Nyatike, ndani yake kundi la kila kituo. Homa Bay vivyo hivyo. Mchoro ulipendeza ungedhani ni ramani. Ila kutoka kituo cha Nyatike hadi kituo cha Suba ilikuwa milango sita, mitatu ya kupanda na mitatu ya kushuka, na mimi nilikuwa na haraka. Nikatafuta njia ya panya ambayo nimetoka kuwaambia haipo. Kisanduku cha upande huu kikaandika faili kwenye folda ya diski, na kisanduku cha upande ule, ndani kabisa ya kundi la Homa Bay, kikawa kinaichungulia folda hiyo na kuokota. Mlango hata mmoja! Nilijisifu siku nzima.

Mnakumbuka lebo? Faili likiandikwa kwenye folda, yaliyomo yanaandikwa na lebo zinabaki nyuma. Moja ya lebo zangu ilisema kama mtu huyu ni mhamiaji au ni mgonjwa mpya. Upande wa pili nilikuwa nimeweka kanuni, kwa mkono wangu, kwamba asiye na lebo ahesabiwe mpya.

Mwezi mmoja ulipita hivyo. Aliyegundua si mimi wala si kompyuta. Ni sista mmoja wa kituo cha ufuoni, mama wa makamo, alinipigia simu asubuhi na mapema. "Mwanangu," akaniambia, "hawa watu wako wapya si wapya. Huyu aliye mbele yangu anazijua dawa kuliko mimi."

Sasa angalieni maana yake. Mgonjwa mpya ana kalenda yake: hupimwa wingi wa virusi baada ya miezi kadhaa tangu aanze dawa, maana kabla ya hapo kipimo hakisemi mengi. Mtu wa miaka saba kwenye dawa, ambaye kipimo chake cha mwisho hakikuwa kizuri na alitakiwa kurudia upesi, mtiririko wangu ulimvika kalenda ya aliyeanza jana. Na huko Nyatike alikotoka, kwa sababu uhamisho wake haukuthibitishwa, jina lake liliingia kwenye orodha ya waliopotea. Mhudumu wa afya wa jamii akatumwa kwenda kumtafuta. Mnajua mtu anavyotafutwa ufuoni? Kwa kuuliza. Banda hili, banda lile, umemwona fulani? Na watu wote pale wanajua mhudumu yule anatafuta watu wa aina gani.

Hiyo ndiyo bei ya mishale michache niliyoiokoa.

Nilichukua siku nne kuona kosa, kwa sababu niliua pia kumbukumbu. NiFi huandika historia ya kila kipande cha data, kimezaliwa wapi, kimepita wapi, kimegeuzwa vipi. Kwenye folda historia ilikatika: upande mmoja kilionekana kimekufa, upande mwingine kimezaliwa yatima. Kama ningepitisha milangoni, ningebofya mara moja nikaona safari yote.

Toleo la pili tuligawa mashine. Migori ina NiFi yake, Homa Bay ina yake, kila moja chini ya ofisi yake. Hapa ndipo ugomvi wa pili ulipozuka, na huu ni mkubwa zaidi.

NiFi ina njia yake ya kuzungumza na NiFi nyingine. Kwenye ubao wako unaweka kisanduku kinachowakilisha mashine ya mbali, na unachokiona ndani yake ni milango tu, ile ambayo mwenyewe ameifungua na kukuruhusu. Huoni jiko lake. Mnatambuana kwa vyeti. Kipande kinasafiri pamoja na lebo zake, na hakifutwi upande wa mtumaji mpaka mpokeaji athibitishe. Zamani milango ya aina hii ilikaa kwenye ubao wa juu kabisa peke yake, ukalazimika kujenga ngazi ya milango kushuka ndani. Tangu toleo la 1.10 la mwaka 2019 hata kundi la ndani kabisa linaweza kufungua mlango wake kwa mgeni wa mbali.

Lakini ninachokipenda zaidi ni hiki: anayepiga hodi anaweza kutoa na anaweza kupokea. Kituo chenye modemu ya simu, kisicho na anwani ya kudumu kwenye mtandao, ndicho kinachoanzisha safari. Kinatuma uhamisho wake, na katika hodi nyingine kinachota yaliyowekwa kwa ajili yake. Hakuna haja ya mtu wa nje kuwa na njia ya kukiingilia. Stima ikipotea, data inasubiri kwenye foleni. Foleni ikifika vipande 10,000 au gigabaiti 1, ambavyo ni viwango vya kawaida vya NiFi, aliye nyuma yake anasimamishwa asiendelee kumwaga. Stima ikirudi, safari inaendelea. Mtu yeyote aliyeishi kando ya ziwa ataelewa programu ya namna hiyo bila kufundishwa!

Badala yake nililetewa nini? Mpango wa shirika moja, sitalitaja: tupeni nenosiri la hifadhidata ya kila kituo, seva yetu ya Nairobi itaingia kila usiku na kuchukua inachohitaji. Rahisi, wakasema. Hakuna milango, hakuna makundi, bomba moja tu.

Wenzangu, huyo si mgeni. Mgeni hubisha, akasubiri, akapewa kiti. Huyu anaruka ua usiku akafungua kabati mwenyewe. Kituo hakijui ameondoka na nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na karani wa rekodi wa Nyatike ndiye atakayeulizwa na mgonjwa, si mchoraji wa bomba. Kwenye mlango naweza kuweka kisanduku kinachofuta jina na namba ya simu kabla data haijavuka. (Na lebo pia zisafishwe! Nimeona watu wakiweka jina la mgonjwa kwenye jina la faili, halafu wanajisifu kwamba yaliyomo yamefichwa.) Kwa bomba, unasafisha baada ya kufika Nairobi, kama utakumbuka.

Kisha ikaja Januari 2025, Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Seva ya kati tuliyokuwa tunatuma nakala zetu ilikuwa inalipiwa na fedha hizo. Ikazimwa. Kwa vituo vyetu vilivyokuwa na mitiririko yao na milango yao, foleni ya kwenda Nairobi ilijaa, tukaifunga, lakini Nyatike na Suba ziliendelea kupeana uhamisho kama jana. Vituo vya mradi jirani, vilivyokuwa na bomba la kwenda kati na kurudishiwa ripoti kutoka kati, viliamka havioni hata orodha ya watu wao waliokosa miadi. Data ilikuwa yao, imetoka kwao, na hawakuwa na mlango wa kuiombea.

Sasa nitende haki, maana wapinzani wangu si wajinga. Vyeti vinaisha muda, na mtandao mzima unanyamaza kwa sababu ya tarehe moja. Hilo limenipata mara mbili. Pia risiti ya uthibitisho ikipotea njiani, mtumaji hutuma tena, kwa hiyo mpokeaji anaweza kupata kipande kilekile mara mbili na lazima awe na namna ya kumtambua aliyekwisha kuingia. Mwanzoni nilisahau, tukawa na wahamiaji pacha. Na kazi ya kuitunza milango hii inahitaji mtu kwenye kaunti, analipwa, anajua anachofanya. Bomba linahitaji mtu mmoja Nairobi. Hoja hiyo naikubali, na jibu langu ni kwamba aajiriwe huyo wa kaunti.

Wiki iliyopita nimeifuta ile folda. Ilikuwa bado iko kwenye mashine ya zamani, tupu, kile kisanduku kikiichungulia kila sekunde kama mbwa anayesubiri mfupa. Nimechora milango yote sita. Ilinichukua dakika kumi na tano, chai ikiwemo. Cheti cha kituo cha Sori kinaisha mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo Jumatatu napanda matatu kwenda kukibadilisha mwenyewe, na kumpelekea sista salamu.