Kompyuta Haifutwi kwa Kosa la Picha

Ndugu wanafunzi, nanyi mliokwisha kumaliza masomo yenu hapa, naomba nafasi nitoe maoni yangu juu ya desturi moja inayoenea huku kwetu Kanyosha. Programu ikikataa kufunguka, na kompyuta ikaleta maneno juu ya kadi ya picha, mwenye kompyuta huibeba hima hadi kwa fundi na kumwambia, "Futa yote, uweke Windows upya." Mimi napinga desturi hiyo. Yatupotezea fedha, na tena yatupotezea kazi zetu.

Mwenzetu mmoja wa darasa la juu alifanyiwa hivyo. Programu yake ya kuchora ilikataa kufunguka, kompyuta ikafutwa, na maandishi yake ya mwaka mzima yakapotea. Alilipa, akarudi nyumbani, akaijaribu programu ile. Kosa lilikuwa lile lile. Je, alinunua nini kwa fedha zake?

Hapana uchawi katika jambo hili. Windows na kadi ya picha huhitaji mkalimani kati yao, naye huitwa draiva: ni programu ndogo inayotolewa na mtengenezaji wa kadi. Windows ikiwekwa upya na draiva isiwekwe, kompyuta hutumia mkalimani wa dharura, ambaye jina lake huandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Huyo huonyesha madirisha na maandishi vizuri. Lakini programu nyingi za kuchora huagiza picha kwa lugha iitwayo OpenGL, na hapo Windows peke yake haina ila toleo la 1.1, la miaka ya 1990. Kwa hiyo kufuta kwaweza kuleta kosa ambalo hata halikuwapo!

Basi tufanye nini? Kwanza, tuyasome maneno ya kosa na kuyaandika katika daftari. Huja kwa Kifaransa au Kiingereza, na lugha hizo zote mbili twafundishwa darasani. Pili, tujiulize: ni programu moja tu inayokataa, au ni zote? Ikiwa ni moja, yaelekea shida iko baina yake na kadi. Ikiwa ni zote, tuangalie draiva. Andika dxdiag katika nafasi ya kutafutia ya Windows, nayo itakuonyesha jina la kadi na la draiva yake. Tatu, tulinganishe kile programu inachodai na kile kadi inachoweza.

Hili la tatu latuhusu sana, maana nyingi za kompyuta zetu ni za mitumba. Chukua kompyuta ya mwaka 2011 yenye kadi ya Intel HD Graphics 3000. Ndani ya Windows kadi hiyo hufika OpenGL 3.1. Blender 2.80, iliyotoka mwaka 2019, hudai 3.3, na Blender 4.0, ya mwaka 2023, hudai 4.3. Hapo hakuna kilichovunjika, wala kufuta hakutaongeza kitu. Dawa ni kutafuta toleo la zamani, kama Blender 2.79, ambalo hutosheka na 2.1. Tena kadi hiyo hiyo, ikitumiwa na Linux, hufika 3.3. Chuma ni kile kile. Aliyebadilika ni mkalimani.

Wengine watasema kwamba kadi huharibika kweli. Nakubali. Ukiona mistari au madoa hata kabla ya Windows kuanza, unganisha kompyuta na kioo kingine. Picha ikiwa safi huko, kioo chako au waya wake ndio mbovu. Ikiwa chafu vile vile, shuku kadi, na hapo mpelekee fundi bila kuchelewa. Simlaumu fundi kwa kufuta. Mara nyingi hufanya alichoagizwa. Lakini tumwagize kwa akili: atunze kwanza kazi zetu mahali pengine, kisha atueleze sababu kabla ya kufuta.

Nanyi mliomaliza masomo, ambao wengine mnafanya kazi za kompyuta, nawaombeni msaada mdogo. Kupakua draiva kwa intaneti ya simu ni gharama kwa mwanafunzi. Mtuletee hapa shuleni flashi yenye draiva za kadi za zamani, zilizotoka kwa watengenezaji wenyewe, nasi tutazitunza na kuazimana.

Mwenye kuuliza si mjinga, na kompyuta nayo yaweza kuulizwa. Jibu lake mara nyingi limekwisha kuandikwa juu ya kioo, mbele ya macho yetu. Tulisome kabla hatujafungua mifuko.