Mtoto akienda kwa mshauri wa chuo, usimwulize kasema nini

Leo nazungumza na wazazi na walezi wenzangu wa hapa Phillips, na popote ulipo, mwenye kijana chuoni.

Namjua kijana mmoja (simtaji, na mambo mengine nimeyabadilisha) aliyekuwa akiondoka nyumbani kila asubuhi na begi mgongoni, anapanda basi namba 2 pale Franklin kama anakwenda darasani. Kumbe masomo alishaacha tangu muhula uliopita. Anashinda maktaba, jioni anarudi, anakula kidogo, anamwambia mama masomo yanaendelea vizuri. Mama hana pa kujulia, yeye usiku anabeba boksi na mchana anatunza wazee. Huku si kama nyumbani ambako ripoti inaletwa kwa mzazi. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inasema akishaingia chuo, rekodi za masomo ni zake, na chuo hakikutumii matokeo.

Nilipomwuliza kwa nini hakutafuta msaada, akaniambia: "Anti, nilienda kwa mshauri mara moja. Niliporudi nyumbani mama akaniuliza, umemwambia nini kuhusu sisi? Sikurudi tena."

Sentensi moja tu hiyo, na mama wa watu hakuwa na nia mbaya. Tuna hofu zetu. Ushauri nasaha kwetu tuliuzoea kwenye kupima ukimwi, na mambo ya akili tuliyajua kwa jina la Mirembe kule Dodoma au Mathari kule Nairobi, na aliyepelekwa huko hata akirudi mzima jina linabaki. Halafu wengi tunaogopa kwamba mambo ya ndani yataandikwa kwenye jalada na siku moja yatasomwa uhamiaji.

Basi nieleze kinachofanyika. Mwanafunzi anaweka miadi mwenyewe, hahitaji ruhusa yako. Akifika anaulizwa usingizi, chakula, masomo, fedha, nyumbani. Mara nyingi anapewa fomu yenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali anajipa alama kuanzia 0 mpaka 3. Swali la 9 linauliza kama amekuwa na mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo ndipo vijana wetu wanapoandika 0 haraka haraka hata kama si kweli, kwa sababu wanadhani wataitiwa polisi. Siwalaumu. Wengi tumetoka nchi ambako kujaribu kujiua ni kesi ya jela. Kenya ni Januari 2025 tu Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Hapa Minnesota si kosa la jinai. Ukijibu kwamba mawazo hayo yamekujia, kinachofuata kwa kawaida ni maswali zaidi na kupanga namna ya kukulinda. Hospitali ni pale hatari inapokuwa ya karibu.

Na siri? Mshauri hamwambii mzazi, hamwambii mwalimu, na maongezi hayaandikwi kwenye transkripti. Anaweza kuvunja siri kama maisha ya mtu yako hatarini, mtoto mdogo ananyanyaswa, au mahakama imeamuru. Mwambie kijana aulize mwenyewe siku ya kwanza, mshauri ana wajibu wa kumweleza.

Chuo Kikuu cha Minnesota, Augsburg, Minneapolis College, vyote vina huduma hii. Mara nyingi mwanafunzi halipi kila anapoonana na mshauri, gharama imo kwenye ada. Yaani umeshalipa wewe kwa boksi zako! Na bado tunamzuia asiitumie.

Lakini vyuo navyo nina neno navyo. Vinakaa ofisini vinasubiri mwanafunzi aje aseme "nina huzuni". Kijana wetu hasemi hivyo. Anasema kichwa kinauma, tumbo linawaka, moyo unakwenda mbio, vipimo vyote safi. Mshauri asiyejua watu wetu anamwona kama mtu aliyekosea mlango. Tena vyuo vingi vinatoa vikao vichache tu, kisha unaambiwa utafute nje.

Nje kwenyewe si mbali. Hapa hapa Phillips, Bloomington Avenue, ipo kliniki ya CUHCC ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ipo tangu 1966. Ina watu wa afya ya akili pamoja na madaktari wa kawaida, kwa hiyo hata ukimkuta jirani pale hawezi kujua umefuata jino au umefuata mawazo. Asiye na bima anaweza kupunguziwa malipo kulingana na kipato. Na wewe mzazi ukialikwa kwenye kikao, omba mkalimani, ni bure. Usimfanye mtoto atafsiri ugonjwa wake mwenyewe.

Maombi endeleeni nayo, mchungaji na shehe wana nafasi yao. Sijaona mshauri aliyemkataza mtu kusali.

Sasa nyumbani. Ukiona halali, au analala mchana kutwa, ameacha marafiki, anagawa vitu vyake, usianze na "mimi nimeteseka kwa ajili yako". Anajua, na mara nyingi hilo ndilo linalomlemea. Mwulize wazi kama anafikiria kufa. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, kaa naye, ondoa dawa na silaha nyumbani, piga 988. Namba hiyo imekuwepo tangu Julai 2022, ni saa 24, na mkalimani anaweza kuunganishwa kwenye simu.

Na siku akirudi kutoka kwa mshauri, mwulize kama amekula. Mpakulie.