TAHARIRI: ZABIBU HAIVUNDIKWI



Msimu wa kuvuna umekaribia na maneno ni mengi. Wapo wanaosema, "Zabibu imeshakuwa nyekundu, tunangoja nini tena?" Sisi tunajibu: tunangoja iive. Wekundu siyo kuiva.

Zabibu yetu ni ile ya mvinyo mwekundu iitwayo Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti, kaskazini ya mji wa Dodoma. Yafaa tuijue tabia yake kama mfugaji anavyojua tabia ya ng'ombe wake. Huko Ufaransa baridi huilaza mizabibu, nao huvuna mara moja tu kwa mwaka. Hapa kwetu baridi ya namna hiyo hakuna. Mzabibu unaamshwa na mkasi: tukipogoa unachipua, na baada ya miezi minne hivi tunavuna. Ndiyo maana tunavuna mara mbili, Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Mavuno ya wakati wa mvua yana hatari, maana punje hunywa maji na kuoza. Ya kiangazi ndiyo yenye sukari nzuri.

Sasa sikilizeni. Punje ikigeuka rangi, ndiyo kwanza inaanza kuiva. Kuanzia hapo uchachu unapungua na sukari inapanda siku hata siku. Sukari hiyo ndiyo inayogeuzwa na hamira kuwa kileo. Rangi ya mvinyo haitoki kwenye maji ya zabibu, inatoka kwenye ganda. Ukakasi unatoka kwenye ganda na mbegu. Ukikata mbegu ingali ya kijani, mvinyo utakuwa mchachu na wenye ukakasi mbaya. Ndizi mbichi utaivundika, itaiva. Embe utalifukia kwenye majani, litaiva. Zabibu haivundikwi. Ikishakatwa, utamu wake umekomea hapo hapo.

Tunajua kwa nini watu wanakata mapema. Kuna ada ya shule, deni la dawa ya ukungu, ndege, wezi wa usiku, na mlanguzi mwenye fedha taslimu mkononi. Shida hizo ni za kweli, hatuzicheki. Lakini jamani, zabibu zetu zinapakiwa gari moja. Kreti mbichi zikichanganywa na za wenzako, mnunuzi hampimi fulani, anapima gari zima. Bei inashuka kwa wote, hata kwa mama mjane aliyevumilia akangoja. Huo ni unyonyaji wa mwanachama kwa mwanachama.

Kwa hiyo tunasema hivi:

1. Asikate mtu kabla shamba lake halijapimwa sukari. Shamba la kiongozi lipimwe kwanza, tena hadharani.

2. Kumwagilia maji siku za mwisho ili kuongeza uzito kukome. Huko ni kuuza maji.

3. Ulinzi wa usiku uwe wa zamu, vijana na wazee, asiachwe mtu kulinda peke yake.

4. Mwenye shida ya fedha aje kwa kamati kabla ya kwenda kwa mlanguzi. Na kamati isimzungushe njoo kesho, njoo kesho. Mkopo mdogo wa ushirika ni nafuu kuliko kuuza mbichi.

5. Siku ya gari na bei viandikwe kabla ya kukata. Zabibu iliyoiva nayo haimngoji mnunuzi anayechelewa.

Mwaka 1972 Azimio la Iringa lilitamka kuwa Siasa ni Kilimo. Nasi tunaongeza: kilimo cha zabibu ni subira ya pamoja. Subira ya mmoja peke yake haina faida.

Katika mkutano ujao kila mwanachama aje na kichala kimoja kutoka shambani kwake. Tutaonja, tutapasua punje na kutazama mbegu. Mbegu ya kahawia itasema, na ya kijani nayo itasema.

Ushirika ni nguvu yetu.