Simu Tatu na Alasiri Moja

Juzi nilikuwa matangani Kisauni. Tulikaa barazani wazee watatu (ikiwa mtu wa miaka hamsini na kitu atakubali kuitwa mzee), kila mmoja na simu yake. Ya kwanza ikaadhini Alasiri. Ya pili ikasema bado kiasi cha saa nzima. Mwenye ya tatu, naye ni mimi, nilikuwa nimesimama kando ya geti la chuma nikiigeuzageuza kutafuta kibla, na mshale ukanionyesha baharini.

Bibi mmoja alipita na birika la maji ya udhu, akatutazama.

"Nyinyi watu wa chuo, mwatafuta nini? Kivuli si hicho hapo? Na kibla ndiko walikoelekezwa maiti wetu."

Akaenda zake kuswali.

Nilitahayari. Chuoni tulifundishwa kupima kivuli kwa kijiti. Kwetu Mashafii Alasiri huingia kivuli kinapolingana na kimo cha kitu, ukiisha kutoa kile kivuli cha adhuhuri. Kwa Mahanafi husubiriwa hata kiwe mara mbili. Ndugu zetu hao wana misikiti yao papa hapa Mombasa na sala zao ni sahihi. Lakini jamaa yangu si Mhanafi, wala hakujua kwamba simu yake ni Mhanafi! Mwanawe alimtilia programu hiyo, akabonyeza alipobonyeza, na baba akafuata.

Ama kibla, Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, kwa hivyo kibla chetu ni kaskazini barabara. Ndiyo maana wazee wetu wakiuita upande wa kaskazini kibla, na mihirabu za misikiti ya kale, hata katika magofu ya Gedi, zikaelekea huko. Dira ya simu hupotoshwa na chuma chochote kilicho karibu, nami niliiamini mbele ya geti! Anayetaka kuhakikisha na angoje tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, au 16 Julai saa 6 na dakika 27. Wakati huo jua huwa juu ya Al-Kaaba yenyewe. Atakayelielekea jua amekielekea kibla.

Tena simu haikuambii saa za sala mpaka iambiwe ulipo. Novemba 2020 ilifichuliwa Marekani kwamba habari za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu ya sala yenye mamilioni ya watu, zilikuwa zikipitia kampuni ya X-Mode, ambayo wateja wake walihusiana na jeshi la nchi hiyo. Wenye programu walisema wameuvunja uhusiano huo. Alhamdulillahi, lakini mimi hata sikumbuki ni lini niliiruhusu yangu ijue nilipo.

Usiku ule nilifungua mipangilio ya simu yangu, na hapo ndipo usingizi uliponiruka. Alfajiri hupigiwa hesabu kwa nyuzi za jua chini ya upeo wa macho. Hesabu ya Misri ni nyuzi 19.5, ya Rabita ya Makka 18, ya Marekani Kaskazini 15. Huku kwetu karibu na ikweta kila nyuzi moja ni kiasi cha dakika 4. Yangu ilikuwa imewekwa 15. Maana yake, kwa hesabu ya Rabita, nimekuwa nikila daku dakika 12 baada ya Alfajiri kuingia, na simu hii nimefunga nayo Ramadhani tatu.

Asubuhi nilimwendea maalim wangu, ambaye sasa haoni vizuri, kumwuliza kama nalipa siku zote hizo. Alinisikiliza hata nikamaliza nyuzi zangu zote. Hakunipa jibu bado, ila aliniuliza:

"Na adhana ya msikiti wa mtaani kwako, huisikii?"

Naisikia. Kila alfajiri nikiisikia, nikitazama simu, nikisema muadhini wetu ana haraka.