Mtoto akishika gunzi, mwambie "gunzi"



Utaniuliza, bwana shamba na maneno ya mtoto mchanga wapi na wapi? Msimu wa kilimo mtoto wako anashinda shambani, kwenye kanga chini ya mti. Siku ya gulio anashinda kando ya mafungu ya nyanya. Huko ndiko anakojifunza kusema, kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

Hapa kwetu tukisema udumavu tunawaza sahani tu. Ni haki kuiwaza: utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Na sisi ndio tunaolisha wengine mahindi na viazi! Lakini akili ya mtoto haijengwi na chakula peke yake. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataka mambo matano yaende pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ujifunzaji wa awali ndio tunaousahau, na hauna gharama.

Tazama mtoto anavyojifunza neno. Wewe ukisimama soko la Ilula unaona kila kitu kwa pamoja. Mtoto mikono yake ni mifupi. Akishika nyanya inakuja karibu na uso na kuziba vingine vyote. Ukisema "nyanya" wakati huo, anajua unataja nini. Ukisema "nyanya" huku ameshika kikombe, unamchanganya. Mwaka 2012 watafiti Chen Yu na Linda Smith wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafunga watoto wa mwaka mmoja na nusu hivi kamera ndogo kichwani wakicheza na wazazi wao. Majina yaliyoshika ni yale yaliyotajwa wakati kitu kimejaa machoni pa mtoto, na mara nyingi ni mtoto mwenyewe aliyekuwa amekishika.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: tuache kumnyang'anya mtoto kila anachoshika. Wengi wanasikia neno moja kutwa nzima: "Acha!" Utasema, "Mbona sisi hakuna aliyetufundisha?" Tulifundishwa. Bibi akipukuchua mahindi alikupa gunzi uchezee, huku anaongea nawe. Siku hizi mtoto akilia anapewa simu, na simu haijui mtoto ameshika nini.

Fanya hivi:

1. Mpe vitu vikubwa, safi, visivyovunjika: mwiko, kikombe cha plastiki, gunzi, kiazi kilichooshwa, parachichi bichi.
2. Subiri akishike na kukitazama, ndipo ukitaje. Rudia mara mbili tatu kwa maneno machache: "Mwiko. Umeshika mwiko."
3. Tumia lugha unayoijua vizuri, iwe Kihehe, Kinyakyusa, Kisafwa au Kiswahili.
4. Akitoa sauti, mjibu. Hayo ndiyo mazungumzo yake.

Kuna vya kumnyang'anya bila mjadala: punje za maharage, karanga na mahindi, vifuniko vya soda na betri, maana humkaba, mbegu zilizopakwa dawa, na chupa ya dawa ya shamba, hata ikiwa tupu. Chupa hizo zifungie mbali naye. Ukimaliza kupiga dawa, oga na ubadili nguo kabla ya kumbeba.

Baba, nawe usiseme hii ni kazi ya mama. Ukiwa unapanga viazi kwenye gunia na mtoto amekishika kimoja, mwambie jina lake. Haikupunguzii hata debe moja la mavuno.